Tara Na! Jinsi ya kupanga matembezi ya siku ya ofu na Wafilipino wenzako Dubai

Jumamosi usiku jikoni kwetu Satwa hapapitiki. Sufuria ya adobo, kuku wa siki na sosi ya soya, iko motoni, mmoja anakunja lumpia, vitafunio vya kukaanga vya jamii ya sambusa, mwingine anababua majani ya mgomba juu ya jiko la gesi. Kwenye mlango wa friji imebandikwa karatasi: nani analeta nini, nani ameshatoa mchango, tunakutana wapi na saa ngapi. Tuko sita kwenye flati hii ya vyumba viwili. Watano ni Wafilipino, mimi ndiye Mtanzania peke yangu, mtu wa Tanga.

Nilifika mwaka 2017 kufanya kazi mapokezi katika kliniki ya meno. Miezi minne ya mwanzo siku yangu ya ofu niliimaliza kitandani. Naamka saa sita mchana, nafua, naangalia picha za nyumbani kwenye simu, nalia, nalala tena. Aliyenitoa kitandani ni muuguzi wa kliniki yetu, mama wa watoto watatu kutoka Iloilo, Ufilipino, ambaye mpaka leo namwita Ate. Neno hilo maana yake ni dada mkubwa, na kwa mwanamume ni Kuya. Siku hiyo alisimama upande wa miguuni akasema neno moja tu: "Tara." Twende. Nikavaa viatu.

Tangu hapo nimetoka nao Jumapili nyingi. Wafilipino walianza kutoka kwenda Ghuba kutafuta kazi tangu miaka ya 1970, na katika muda huo wamejifunza jinsi ya kuishi mbali na kwao bila kuvunjika moyo. Kutoka pamoja siku ya ofu, wao wanaita gala, ni sehemu ya ujuzi huo. Si starehe ya mwenye fedha za kuchezea. Wana utaratibu wake, na utaratibu huo mtu yeyote anaweza kuushika. Nauandika kwa ajili yako wewe uliyekuja juzi na umelala umegeukia ukutani.

Anza siku ya mshahara

Matembezi ya Jumapili hayapangwi Jumamosi. Yanapangwa siku mshahara unapoingia. Kwa Ate na wenzake fedha ina foleni yake, na kwanza kabisa ni padala, yaani fedha ya kutuma nyumbani. Hiyo haiguswi. Ya pili ni kodi ya kitanda. Ya tatu ni paluwagan, na hapa nilicheka kwa furaha nilipoelewa, maana ni mchezo wetu uleule: watu kumi, kila mwezi kila mmoja anaweka kiasi sawa, mmoja anapokea chungu chote, na kuna kijumbe anayeshika daftari. Baada ya hayo matatu ndipo inakuja bahasha ya gala.

Sisi tunaweka dirhamu 20 kwa wiki kila mtu. Anayeshika bahasha ni mmoja, anaandika, na Jumamosi usiku anasoma hesabu mbele ya wote. Fedha hii inanunua chakula cha pamoja na mifuko ya barafu tu. Nauli na viingilio kila mtu anajilipia. Kwao hilo lina jina: KKB, kanya-kanyang bayad, kila mtu na malipo yake. Litamke mapema, kabla hamjatoka, na hakuna atakayeona haya. Ukinyamaza, mtu mmoja ataishia kubeba mzigo wa wenzake.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Mara ya kwanza nilipojitolea kupanga mimi, hatukukusanya kitu. Tulikuwa kumi na mmoja, nikalipia viingilio na maji na kuku wa kuchoma, nikitegemea watanirudishia. Wengi walirudisha. Wawili walikuwa wametuma kila kitu nyumbani, mmoja mtoto wake alikuwa amelazwa. Ningemdai vipi? Nilibaki na dirhamu 14 mpaka mwisho wa mwezi. Ate hakunigombeza. Alinipa bahasha tupu, akaniambia niandike juu yake majina yote.

Kuna jambo moja linalogeuza desturi yetu juu chini. Kwetu mtu akiadhimisha siku ya kuzaliwa, rafiki zake ndio wanaochanga. Kwao mwenye siku ndiye anayelisha watu. Kwa hiyo ukimwambia Mfilipino "leo ni siku yangu ya kuzaliwa", amesikia mwaliko. Usiitaje kama mfuko umekauka. Na ukialikwa kwenye ya kwake, kutakuwa na pancit, tambi nyembamba zilizokaangwa na mboga. Usizikate kwa kisu wala uma. Urefu wake ndio umri mrefu anaoombewa mwenye siku, na ukizikata utamuumiza hata kama hatasema.

Panga kwa saa za mwenye muda mfupi

Kwenye kundi letu kuna watu wa kliniki, kuna wa saluni, kuna mmoja wa mgahawani anayefanya zamu, na kuna wawili wanaofanya kazi za nyumbani. Hao wawili ndio saa yetu. Sheria ya Falme za Kiarabu inampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kwa wiki, ila namna siku hiyo inavyoanza na kwisha hutofautiana nyumba kwa nyumba. Mmoja anatoka baada ya watoto kula kifungua kinywa na lazima awe getini saa moja jioni. Basi matembezi yetu ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja na nusu, na mahali tunapokwenda lazima pawe na basi au metro ya kumrudisha bila wasiwasi. Wenye muda mrefu wanaweza kuendelea baadaye. Kundi likipangwa kwa saa za walio huru, hao wawili watakosa kila mara, na hao ndio wanaohitaji kutoka kuliko sisi sote.

Andika saa kwa tarakimu, 10:00, kwenye ujumbe wa kundi. Mimi nahesabu saa kwa Kiswahili, wao wanahesabu kwa maneno ya Kihispania waliyorithi, alas diyes, alas dose, na tukizungumza tu kwa mdomo hatuelewani. Kisha wekeni kanuni ya dakika 15: anayechelewa zaidi ya hapo atatukuta mbele ya safari. Wao wenyewe ndio walioitunga kanuni hiyo.

Ujue pia ni siku gani. Nilipofika, wikendi ilikuwa Ijumaa na Jumamosi. Mwaka 2022 serikali ilihamia Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ikawa nusu siku. Kampuni nyingi binafsi bado zinatoa ofu moja tu, na si zote zinatoa siku ileile. Ndiyo maana kabla ya kuchagua mahali tunaulizana kwanza nani yuko huru, halafu tunachagua siku yenye wengi.

Na msimu. Kuanzia Juni mpaka Septemba usipeleke watu ufukweni mchana. Joto la hapa si la Tanga: nchi yenyewe inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, kutoka Juni 15 hadi Septemba 15. Miezi hiyo gala yetu ni ya ndani: kwenye maduka makubwa, au nyumbani kwa mmoja wetu na mashine ya kuimbia, ambayo Mfilipino hachoki nayo. Msimu wenyewe wa kutoka ni Novemba mpaka Machi.

Chakula

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu matembezi yetu mengi yamesimama au kuanguka kwa chakula.

Chakula cha kubeba wanakiita baon. Sharti lake ni moja: kiweze kusafiri. Adobo inasafiri kuliko vyote, kwa sababu ya siki. Nitakueleza jinsi Ate anavyoipika kwa watu kumi na wawili, maana nimesimama karibu naye mara nyingi kiasi cha kukariri mkono wake. Anachukua kilo nne za mapaja ya kuku, anayaweka kwenye sufuria pana bila maji. Anamimina kikombe kimoja na nusu cha siki nyeupe na kikombe kimoja cha sosi ya soya. Anaponda vichwa viwili vizima vya vitunguu saumu kwa ubapa wa kisu, hamenyi sana. Kijiko cha pilipili manga nzimanzima, na majani makavu ya kunukia matatu au manne. Anawasha moto, na hapo ndipo penye siri: hafuniki na hakorogi. Mara ya kwanza nilipeleka mwiko, akanishika mkono. Siki ikikorogwa kabla haijachemka vizuri, inabaki na ukali mbichi unaokwangua koo. Unaiacha mpaka mvuke unaochoma pua uishe wenyewe. Kisha unageuza kuku, unafunika, unapunguza moto, unasubiri mpaka mchuzi ubaki mzito, wa rangi ya kahawia, unaoshika kwenye mapaja.

Mkazi mwenzetu wa kutoka Bicol, mkoa mmoja wa Ufilipino, huipika kwa tui la nazi, na mimi mtu wa pwani hiyo ndiyo naipenda zaidi. Lakini ya tui haitoki nyumbani. Tui huchacha kwenye joto, hilo unalijua. Ile tunaila jioni tukirudi.

Wali wao hauna chumvi, hauna nazi, hauna mafuta. Mwanzoni niliuona kama chakula cha mgonjwa. Sasa naelewa kwamba chumvi yote iko kwenye mchuzi, na wali ni wa kuutuliza. Pika kilo moja kwa watu watano, usipunguze. Mimi nafunga sufuria kwa kanga mbili, naiweka kwenye kasha lilelile la kubebea barafu, bila barafu. Tukifika saa saba bado unatoa moshi.

Majani ya mgomba yanapatikana Karama, kwenye maduka ya Wahindi wa Kerala, ambao nao hula chakula juu ya jani. Yababue juu ya moto, upande mmoja kisha wa pili, mpaka yabadilike kuwa ya kijani kinachong'aa na kulainika. Usipoyababua yatapasukia mfukoni. Mkifika, yatandikeni kwenye meza ndefu au juu ya mkeka, mng'ao juu. Wali unamwagwa katikati kwa mstari mrefu kama tuta, kisha adobo, lumpia, samaki wa kukaanga, bamia za kuchemsha, vipande vya embe na nyanya vinapangwa juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho ili kila mtu afikie kila kitu. Mnanawa, mnasimama pande zote mbili bega kwa bega, mnakula kwa mikono. Wao wanaita kamayan, na kuna jina jingine, boodle fight, lililotoka jeshini kwao, ambako ofisa na askari wa kawaida walikula hivyo pamoja. Mara ya kwanza niliposimama pale, mkono wangu ulijua la kufanya kabla sijaambiwa. Ni sinia ya kwetu, imenyooshwa tu. Unakula ulipo, husogezi mkono mbele ya mwenzako, na nyama nzuri unamsukumia aliye pembeni.

Sasa suala la nguruwe, na tulizungumze wazi. Wafilipino wengi ni Wakristo na nguruwe ni kitoweo chao kikuu, na hapa inauzwa kwenye vyumba maalumu vya baadhi ya maduka. Mimi ni Mwislamu, na kwenye kundi letu yuko Mwislamu mwingine, Mfilipino wa Cotabato, kisiwa cha Mindanao, ambako Uislamu ulifika kabla ya Wahispania. Tulikubaliana hivi: chakula cha pamoja ni kuku, samaki na ng'ombe wa halali tu. Anayetaka nguruwe anakula nyumbani siku nyingine, kwenye sufuria yake. Sikulazimisha. Niliomba kwa adabu, faraghani, kwa Ate, naye akalipeleka kwa wenzake. Usiliseme ukiwa tayari umesimama mbele ya chakula. Mtu aliyepika usiku kucha anastahili kuambiwa mapema.

Na ukimkuta Mfilipino yeyote anakula, atakuambia "Kain tayo", tule. Ni "karibu chakula" yetu. Hata mtu asiyekujua kwenye benchi la bustani atakuambia. Usipite kimya. Jibu "Sige, salamat", ni kama kujibu "starehe", na atafurahi mno.

Mahali pa kwenda

Kama hamjawahi kutoka pamoja, anzeni na Khor, ule mkono wa bahari unaoigawa Deira na Bur Dubai. Ndiyo siku ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo ninayoipenda. Jazeni kadi za nol, zile za kulipia nauli ya metro na basi, usiku uliotangulia. Kwa kadi ya kawaida, ya rangi ya fedha (Silver), nauli ni dirhamu 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili jirani, na 7.50 zaidi ya hapo. Satwa haina metro mlangoni, kwa hiyo sisi tunaanza na basi, lakini wengi mtakutana njia ya kijani ya metro, kituo cha Al Ras. Kutoka hapo ni kwa miguu: soko la viungo, kisha la dhahabu. Kwenye viungo utanusa karafuu na iliki na moyo utakuruka. Nimewahi kumshika Ate mkono nikamwonyesha karafuu, nikamweleza Pemba iko wapi. Alichukua moja akaweka mdomoni, akakaa nayo mpaka tulipofika majini.

Ukingoni upande wa Deira kuna majahazi ya mbao, na mizigo imepangwa chini: friji, matairi, magunia. Simameni hapo. Kisha mpande abra, mashua ya kuvukia, kwa dirhamu 1, sarafu mkononi. Ng'ambo ya pili mtembee mpaka mtaa wa kale wa Al Fahidi wenye minara ya upepo, hakuna kiingilio mitaani. Hakuna meza ya kutandika majani huko, kwa hiyo siku hiyo baon iwe ya vikasha, kila mtu na chake. Siku nzima, na juisi ya miwa ikiwamo, haifiki dirhamu 30.

Siku ya ufuko nendeni Kite Beach au fukwe nyingine za wazi za Jumeirah. Hakuna kiingilio, kuna mabafu, na basi linapita barabara ya Jumeirah. Moto wa kuchomea usiwashe mchangani: unaruhusiwa sehemu zilizotengwa tu, na kuna faini. Bustani ya Zabeel inafaa kwa majani ya mgomba kwa sababu ina nyasi na vivuli, na iko karibu na metro.

Abu Dhabi ni ya siku ambayo wote mna saa ndefu. Basi la E100 linatoka Al Ghubaiba, E101 linatoka Ibn Battuta, nauli dirhamu 25 kwenda. Msikiti wa Sheikh Zayed hauna kiingilio, ila jiandikisheni mapema kwenye mtandao wao. Hii ni safari ambayo mimi ndiye mwenyeji. Usiku uliotangulia natoa mitandio yangu yote, nawafunga mmoja mmoja mbele ya kioo, nawaambia mikono ifunikwe mpaka kwenye kifundo cha mkono na miguu mpaka kifundo cha mguu, na kwamba ndani hatukumbatiani wala hatupigi picha za mikogo. Walipoingia uani mara ya kwanza, ule uwanja mweupe wote, walinyamaza. Sikuwahi kuwasikia wamenyamaza hivyo.

Mahali pasipo na basi, kama jangwani Al Qudra, panataka gari, na hapo mjihadhari. Kubeba abiria kwa gari binafsi kwa malipo bila kibali ni kosa hapa. Mwaka mmoja tulimpa mtu mmoja dirhamu 150 za kutanguliza ili atupeleke, tukasimama barabarani na sufuria zetu kuanzia saa kumi na mbili, hakuja na simu hakupokea. Wa kazi za nyumbani walipoteza ofu yao nzima. Sasa tunakodi gari kwenye duka lenye leseni, na dereva ni mmoja wetu mwenye leseni ya hapa, au hatuendi.

Kanisa, sala, na simu za nyumbani

Jumapili ya Mfilipino Mkatoliki huanza na misa. Usiipange gala ya kuigonga. Kanisa la St. Mary's liko Oud Metha tangu 1967, na kituo cha metro cha Oud Metha kiko jirani. Kuna misa za Kitagalogi, lugha yao. Mimi huwasubiri nje kivulini na mizigo, na hiyo ndiyo kazi yangu katika kundi. Nao, ikifika adhuhuri, wanajua kwamba sisi Waislamu wawili tunatafuta mahali pa kusali, wanashika mikoba yetu, na hakuna anayeanza kula.

Desemba ni jambo la pekee. Wana misa tisa mfululizo kabla ya Krismasi, Simbang Gabi. Kwao Ufilipino ni alfajiri, tarehe 16 hadi 24. Hapa kwa ajili ya kazi hufanyika jioni, kuanzia tarehe 15. Siku hizo tisa usiwaalike popote. Wasubiri wakitoka, maana watatoka na hamu ya bibingka, mkate wa unga wa mchele na tui uliookwa juu ya jani la mgomba. Nilipoionja niliweka kipande chini nikalia. Ni mkate wa kumimina wa mama yangu, umekosa iliki tu. Mwaka uliofuata niliwapikia wa kwetu, tukaiweka miwili kwenye sahani moja.

Weka nafasi ya simu katikati ya siku. Manila imetutangulia saa nne: hapa ikiwa saa kumi jioni, kule ni saa mbili usiku na watoto wanakaribia kulala. Simu za WhatsApp hazipiti hapa, tunatumia programu ya Botim. Kwa hiyo baada ya kula, kati ya saa nane na saa kumi, kila mtu anatafuta mti wake. Utamwona mama mzima amepiga magoti nyasini akimwimbia simu. Mwache. Usimpige picha, usimwite aje kucheza. Nyumbani kwetu ni saa moja nyuma ya hapa, mimi napiga baadaye.

Kuhusu picha, wao wanapiga nyingi, na zinakwenda kwa familia kuonyesha kwamba mpendwa wao yuko salama na ana watu. Piga nao. Ila geuza kamera isimchukue mtu asiyehusika, hasa familia za wenyeji. Sheria ya hapa ni kali juu ya kumpiga mtu picha bila ridhaa yake.

Na lugha. Watu watano wakiwa Wafilipino na wewe mmoja, mazungumzo yatahamia Kitagalogi, hawakusudii kukutenga. Mimi hugusa aliye karibu nikauliza, "Nini?", naye hunitafsiria. Jifunze maneno machache kila wiki. Sige ni haya. Ingat ni jitunze. Salamat unaisikia mwenyewe ilivyo jirani na salama yetu. Nao wafundishe yako: Ate sasa husema "pole" kwa usahihi kabisa, mahali pake hasa, kwa sababu aliniambia Kitagalogi hakina neno linalotosha pale.

Kurudi

Saa kumi na moja tunaanza kufunga. Majani ya mgomba yanakunjwa pamoja na mifupa na makombo yote ndani, yanaingia mfuko mmoja, na mahali panabaki kama palivyokuwa. Ndani ya metro usile wala usinywe hata maji, ni faini ya dirhamu 100, na ndugu zetu wa kiume wakae mbali na behewa la wanawake, faini ni hiyohiyo.

Mwenye saa fupi anasindikizwa na watu wawili mpaka getini, hata kama njia yao ni nyingine. Kisha kila mtu anaandika kwenye kundi akifika kwake: "Home na", yaani nimeshafika. Kijumbe anahesabu. Tulipotoka tulikuwa kumi na wawili, ujumbe lazima uwe kumi na miwili, na ukipungua mmoja anapiga simu.

Chakula kilichobaki hakimwagwi wala hakibaki kwa mwenye nyumba. Kinafungwa kwenye vikasha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuja. Jumapili iliyopita mwenzetu wa mgahawani alikuwa zamu ya mchana hadi usiku wa manane. Nilimwekea mapaja mawili, wali, na kipande cha embe kilichofungwa peke yake kisiloane, rafu ya pili ya friji, jina lake juu ya kifuniko. Asubuhi nilikuta kikasha kimeoshwa, kimegeuzwa juu ya kitambaa, na juu yake dirhamu 20 za bahasha ya wiki inayokuja.